Mwili wa Bwana Kimya

Stratford, London
15 Januari 2025

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu. Tangu uondoke simu yako haipatikani na ujumbe wangu wa WhatsApp una tiki moja tu ya kijivu. Wenye uzoefu wananiambia hapo Makka mtandao unazidiwa na watu. Nimeona nikuandikie barua pepe, maana hii najua unaifungua, ndiko zinakokujia kuponi zako za dukani.

Mama, hata jina la hoteli hukuniachia! Watu wananiuliza umekwenda Umra na kikundi gani, mie nababaika kama mtoto wa skuli aliyesahau shairi. Nimesema ni kile cha kina mama wa Leicester. Ndicho, sicho?

Maombi ni mengi. La kwangu ni moja: mfanyie baba Umra, na umwombee kaburi lake liwe na nuru. Tangu utoke eda nilikuwa nalingoja hilo, nikaona haya kukwambia. Jamaa wa msikitini wanataka zamzam. Kila mmoja anasema kidogo tu, na wako wengi wa kidogo tu.

Lakini zaidi ya wote ni shoga yako Bi Faridah. Atapasuliwa moyo tarehe 28. Nilikwenda kumtazama hospitali, amekonda mama, pete zimemtoka vidoleni. Kanishika mkono akasema, "Mwambie Jokha aniombee mbele ya Kaaba, kwa jina langu." Nikamwahidi. Usisahau, tafadhali.

Ukirudi tumekukodia ukumbi, tusome maulidi na watu wale biriani. Wewe vaa nguo nyeupe tu, mengine niachie mie.

Nijibu basi.

Mwanao,
Munir


Borobudur, Java
17 Januari 2025

Munir,

Waalaykum salaam. Makka gani?

Mie niko Java, mwanangu. Indonesia. Simu yangu iliingia maji siku ya kwanza, mvua ya huku haipigi hodi. Naandika kwa kompyuta ya Bu Wartini, mama mwenye nyumba ya wageni ninayokaa, na vitufe vyake viwili vimezama havirudi juu.

Kukwambia nilikwambia. Jumapili ile, mezani kwako, nilisema, "Nimekata tiketi, nataka kwenda kabla magoti hayajanikataa." Ukaruka, "Mashaallah mama, Allah akutakabalie!" Sijafunga mdomo ushampigia shangazi yako. Nikakufuata jikoni. Nikasema, "Munir, nakwenda kutazama mahekalu ya kale." Ukasema, "Sawa mama, sawa," na vidole viko kwenye simu. Kumbe ulikuwa unatangaza! Anne-Marie, jirani yangu Mkongo niliyemwachia funguo za flati, nilimwambia mara moja tu akanielewa, na Kiswahili chake na changu havijapata kukutana hata njiani.

Baada ya hapo nilinyamaza, hilo nalikubali. Nilichoka.

Sasa usianze kupiga kelele, nisikilize. Nilipokuwa karani mjini London, ofisi yetu mie na Faridah ilikuwa karibu na makumbusho. Baridi ikituzidi tulikwenda kula chakula chetu cha mchana mle, bure, na joto lipo. Kulikuwa na kichwa cha jiwe, kichwa cha Buddha, kibao kinasema kimetoka Java. Macho kayafumba nusu, kama mtu anayejifanya amelala asikie anavyotetwa. Faridah akamwita Bwana Kimya. Hatukumsujudia, usiogope. Tulimpa umbea. Mabosi wote wamesengenywa pale, na baba yako pia, Allah amrehemu. Na kila siku nikijiuliza: kichwa kiko hapa, mwili wake uko wapi?

Nimekuja kuutazama mwili. Basi.

Na watu wa huku ni Waislamu kama wewe. Bu Wartini ananigongea alfajiri tusali, na msikiti na hekalu vinaonana. Kibla changu nakijua.

Mama yako,
Jokha


Stratford
18 Januari 2025

Mama,

Barua yako nimeisomea ndani ya treni nikapitiliza kituo. Nimeisoma tena nikapitiliza cha pili.

Java! Peke yako! Mwanamke wa umri wako, magoti yanakulia kama mlango usiotiwa mafuta, unakwenda kukwea mahekalu ya Mabaniani na Mabuda? Ukianguka huko nani atakuokota? Na mie nimesimama msikitini mbele ya watu, wamemsomea baba dua kwa safari yako, wazee wamenikumbatia. Nitawaambia nini? Samahanini, mama kaenda kutafuta mwili wa sanamu?

Baba hajapoa kaburini, mama.

Nimefikiri usiku kucha na nimepata njia. Ndege nyingi zinapitia Jedda. Badilisha tiketi, shuka pale, fanya Umra yako, mfanyie baba yake, chukua zamzam, rudi. Utakuwa umekwenda kweli na hakuna aliyedanganya mtu. Ukumbi uko palepale.

Na Bi Faridah? Barua nzima umeniandikia na ahadi yake hukuitaja hata kidogo. Yule mama anaingia kupasuliwa akijua wewe uko kwenye Kaaba. Kaishikilia hiyo, ndiyo inayompa usingizi. Ukimtoa hapo unamuua. Kwa hivyo tafadhali, kaa kimya mpaka apone.

Munir


Borobudur
20 Januari 2025

Munir,

Nani kakufundisha kwenda kwenye nyumba ya Mungu kuziba uongo? Umra ni nia. Nitakwenda, inshaallah, siku nikiwa na nia yake, na baba yako nitamfanyia ya kwake kwa moyo mkunjufu. Sitashuka Jedda kama mtu anayeshuka stesheni kununua maji.

Na hilo la baba yako hajapoa kaburini, mie ndiye niliyekaa eda ndani ya flati ile, nikitazamana na kiti chake. Wewe ulirudi kazini. Sikulaumu, una watoto. Lakini usinipimie matanga.

Leo nimeamka mapema, nimefunga magoti yangu bendeji, nimevaa koti la mvua, nimetembea na matope mpaka langoni. Langoni wananiambia Jumatatu hawapandishi mtu juu ya hekalu. Nimetoka London mpaka huku, hakuna aliyeniambia habari ya Jumatatu! Nimebaki chini kwenye majani nalitazama kwa mbali, mvua inaninyea, kama mtu anayechungulia harusi dirishani. Kesho, nafasi zimejaa. Keshokutwa, zimejaa. Watu wanauza nafasi kwa saa, kama kwa daktari.

Jana nilikwenda mahekalu ya Kihindu ya Prambanan, safari ndefu ya gari mpaka mgongo ukasema basi. Mazuri, Munir. Marefu, membamba, jiwe juu ya jiwe. Lakini hata kuyatazama kwa raha sikuachiwa. Kila aliyekuja na mtu wake ananikabidhi simu yake nimpige picha na mwenzake. Mie wa kunipiga hakuna. Na kila mtu ananiuliza: peke yako? Dereva, muuza tiketi, muuza mahindi ya kuchoma. Peke yako? Bu Wartini alinifundisha niseme mume wangu yuko nyuma, anakuja, wataniacha. Nikamwambia hivyo mlinzi mmoja. Kweli akaniacha, na mie nikakosa raha mpaka jioni.

Umeniandikia barua mbili ndefu. Hujaniuliza nimeona nini.

Faridah mwambie wewe. Uliyempeleka Jokha Makka ni wewe, kamrudishe.

Jokha


Stratford
22 Januari 2025

Mama,

Nilikwenda. Wallahi nilikwenda na nia safi. Nilinunua zabibu, nikapanga maneno njia nzima, "Bi Faridah, kuna jambo dogo limekorogeka." Nilipoingia alikuwa ameegemea mito, kafunga mtandio wake wa kijani. Hata sijakaa akaniuliza, "Jokha keshaniombea?"

Nikasema ndiyo.

Sikupanga, ulimi tu. Na ulimi ukishaanza! Nikasema umemfanyia tawafu kwa jina lake. Akanitazama sana. Akauliza, "Amefurahi huko?" Nikasema amelia. Kwa nini nilisema umelia? Sijui. Akasema, "Haya baba, Mungu akulipe," akageukia ukutani. Zabibu hakuzigusa.

Nimechoka, mama. Mchana kazini, jioni msikitini wananiuliza mama kasemaje, nyumbani mke wangu hasemi nami tangu alipojua. Na kuna kitu sikielewi. Bi Faridah ni shoga yako tangu sijazaliwa. Anwani yake unayo. Mbona wewe hutaki kumwandikia mwenyewe? Mie unaniandikia kurasa, unanitukana vizuri tu, yeye hata salamu hujamtumia. Kuna nini?

Munir


Borobudur
24 Januari 2025

Tawafu, Munir? Tawafu! Toba, yarabi. Kuna uongo ambao mtu anausema hata Ibilisi anamwambia taratibu.

Jana nimepanda. Utataka kujua? Hukuuliza, lakini nitakwambia. Wanakuvua viatu vyako wanakuvisha ndala za majani, ati mawe yasiliwe na soli zetu. Wanakufunga utepe mkononi wa rangi ya saa yako. Mbele yako anakwenda kijana wa kuongoza, anahesabu watu wake kama kuku. Nikisimama kutazama, "Ibu, ayo," mama twende. Ukutani wamechonga maisha mazima, wafalme, wapishi, wanawake wanaochota maji, tembo, na huwezi kulitazama hata jiwe moja ukamaliza. Na sanamu zimekaa juu ya kuta, safu juu ya safu. Nyingi hazina vichwa. Mabega tu, na mikono imetulia mapajani. Nilipoiona ya kwanza nikasema ndiyo hii. Ya kumi nikaanza kuchanganyikiwa. Nikamuuliza yule kijana, "Kipo kichwa London, mwili wake upi?" Akacheka kwa adabu. Hajui. Hakuna anayejua.

Huko juu kabisa zipo zinazokaa ndani ya kengele kubwa za mawe. Sikufika. Magoti yalikataa. Nilikaa kwenye ngazi mpaka saa yetu ikaisha, wakatuteremsha.

Ndiyo hivyo. Nimezunguka dunia kuja kukaa kwenye ngazi.

Faridah siwezi kumwandikia. Nimejaribu. Nafika "Shoga yangu" nafuta. Usiniulize kwa nini. Lakini haiwezekani aingie kwenye kisu akiegemea tawafu ambayo haikufanywa. Nenda leo. Mwambie yote, na mwambie kila sala niliyosali hapa nimemtaja kwa jina lake na la mama yake. Hilo ni kweli na lina uzito.

Nenda, mwanangu. Nakuomba.

Mama


Hospitali, London
26 Januari 2025

Jokha,

Sikupi salamu, nina hasira, na daktari kanikataza hasira, kwa hivyo ukisikia nimekufa jua ni wewe.

Mwanao alikuja jana. Kasimama mlangoni na zabibu nyingine, akalia kabla hajasema neno. Nikamwambia kaa, futa pua, mie najua. Akashangaa! Jokha, uliniazima koti la mvua. Uliniuliza viatu gani havitelezi kwenye mawe. Mtu anakwenda kuzunguka Kaaba na viatu vya kukwelea? Nilimpa Munir maombi ya Makka makusudi, nione mtanizungusha mpaka wapi. Siku ile aliponiambia umelia ndipo niligeukia ukutani, maana nilijua hilo si lako. Wewe ukifika pahala ulipopataka huwa hulii, unakasirika.

Munir nimemsamehe. Mjinga, moyo mzuri, baba yake mtupu. Kataka mama yake awe Makka kwa sababu anamlilia baba yake na hana pa kulilia. Usimpige tena kwa barua.

Wewe ndiye ninayetaka kukupiga. Kaniambia umemwandikia "nikijiuliza mwili uko wapi". Ukijiuliza? Nani aliuliza kwanza? Mie! Na sandwichi yangu ya yai mkononi. Tulisema tutakwenda sote wawili, tukistaafu kazi. Tukastaafu, ukasema mume wako hajiwezi, nikakungoja. Yeye akafa, ukakaa eda, nikakungoja, nakuletea uji. Kisha mie nikaugua. Na wewe hukungoja.

Hilo nalo ningelimeza. Magoti yako nayajua. Ungeniambia tu, "Faridah, mie siwezi tena kungoja, nakwenda." Ningekutukana siku mbili, ya tatu ningekufungia mzigo. Lakini ukanionea huruma. Ukaniona mgonjwa, mtu wa kufichwa mambo. Munir alipokosea ukaona afadhali, Makka yake ikakufaa, ukajificha nyuma yake. Umemfokea mtoto wa watu kwa uongo ambao ulikuwa mwavuli wako mwenyewe!

Mabega yalikuwa yetu wawili kuyaona, Jokha.

Keshokutwa wananifungua kifua. Nijibu moja tu: umeuona?

Faridah


Stratford
29 Januari 2025

Mama,

Bi Faridah amepasuliwa jana na ametoka salama, alhamdulillahi. Mashine zinalia kila upande lakini yeye yuko. Amefumbua macho leo mchana na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kajibu?" Hujajibu. Nimemwambia mtandao mbovu, kisha nikajirudi hapo hapo, nikasema hapana Bi Faridah, mtandao mzima, mama ndiye hajajibu. Akatikisa kichwa kidogo.

Ukumbi nimeufuta. Ijumaa nilisimama msikitini baada ya sala nikawaambia mama hayuko Makka, nilikosea mie, yuko Java anatazama mahekalu. Wengine wamenuna. Mzee mmoja kaniuliza kama huko kuna nazi. Basi, imekwisha hivyo, na mie nilidhani mbingu itanidondokea.

Kabla hajapasuliwa Bi Faridah alinipa amri niende nikamtazame Bwana Kimya, nimpelekee salamu. Nimekwenda jana, wakati yeye yuko ndani, sikuweza kukaa kwenye benchi la hospitali. Nilimtafuta sana, mle ndani pakubwa. Mama, nimepita nje ya mlango ule miaka yangu yote na sikujua kama mlikuwa na pahala penu. Nimesimama mbele yake. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu, nikamwambia kuhusu baba. Mengi. Ulisema kweli, anasikiliza.

Chini ya shingo pamekatwa vibaya. Nimepatazama nikajikuta nauliza kama nyinyi.

Mama, umeuona? Yeye anauliza. Na mie nauliza. Umeona nini huko?

Mwanao,
Munir


Borobudur
30 Januari 2025

Munir,

Umeuliza. Nitakapotua Heathrow nitakwambia kila jiwe, mpaka uombe kupumzika. Njoo na koti langu la sufu.

Haya ya chini msomee Faridah, mbele yake, kwa sauti, na usirukie mbele.

Faridah, shoga yangu,

Yote uliyosema ndivyo. Nilikuogopa. Si kwamba utanitukana. Niliogopa ukiniambia "nenda" kwa ile sauti yako ya wodini, nitashindwa kwenda. Nikachukua koti lako nikakimbia. Nisamehe.

Unauliza nimeuona? Sikuuona. Na magoti hayakukataa, Munir nilimdanganya, yeye na mie sasa tuko sawa. Nilifika ngazi ya mwisho kabisa. Ningeinua mguu mmoja tu ningekuwa juu, penye kengele za mawe, na ndani yake wamekaa wale tuliokuwa tukiwawaza. Nikashika jiwe, nikageuka kukwambia, "Faridah, tazama." Kwa mazoea tu. Nyuma yangu alikuwepo mgeni na kofia yake.

Basi nikakaa pale pale. Kijana akaniita, ibu, ibu, bado kidogo tu, juu pazuri. Nikamwambia sipandi. Nilikasirika, Faridah, kama unavyonijua. Nimekasirikia ngazi, nimekasirikia moyo wako, nimemkasirikia Bwana Kimya kwa kutuchekesha miaka yote ile. Nimekaa nimekunja uso mpaka saa yetu ikaisha.

Mlinzi akaja kunitoa. Akanitazama, akaniuliza lile lile wanaloniuliza wote: peke yako?

Nikamwambia hapana, mwenzangu yuko nyuma, anakuja. Na safari hii sikukosa raha.

Jokha